Mama Rahab na Kiti cha Simba

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Rahab Wamuyu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Alianza mwaka wa 1996 akipiga deki jikoni hapa kwenye Nyumba Kubwa ya Milimani. Mwaka uliofuata akapewa kutunza ukumbi wa fanicha za zamani, na tangu siku hiyo hatujapumua.

Fanicha hizo zilichongwa ng'ambo karne ya kumi na tisa kwa ajili ya jumba la gavana, na mwishowe zikaletwa huku. Kuna meza ndefu, kabati la vyombo na viti vingi vya mbao nyeusi. Kikubwa kuliko vyote ni Kiti cha Simba, chenye vichwa vya simba pale unapoweka mikono. Sheria ya Mama Rahab ilikuwa moja: hakuna kukaa. Chai ilikatazwa hata mlangoni.

Sisi wabeba mizigo tulimwogopa kuliko meneja. Ukisogeza kiti kidogo tu, kesho yake anakuuliza kimekukosea nini. Alivisugua kwa nta ya nyuki wake kutoka kwao Subukia, akiviongelesha kama ng'ombe wa maziwa. Kuna mheshimiwa aliyetaka kukalia Kiti cha Simba apigwe picha. Mama Rahab akamwomba amshikie kitambaa kidogo. Mheshimiwa alipozinduka alikuwa amepangusa meza yote, na hiyo ndiyo picha aliyopigwa.

Mwaka huu mchwa walikula mguu wa nyuma wa kiti hicho. Ikaamuliwa kipigwe mnada pamoja na mabati na vitanda vilivyovunjika. Mama Rahab alizunguka ofisi moja baada ya nyingine hadi wakakubali fundi Oduor wa mtaa wa Rhonda aunge mguu mpya. Bwana Muiruri, meneja wetu, akaweka sharti: kiti kibebe mtu mzima mbele yake, la sivyo kipakiwe kwenye lori la mnada.

Jumanne iliyopita lori likaja, likangoja nje. Ndani hakuna aliyetaka kujaribu, maana atakayekivunja ameaga kazi. Oduor akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Askari Kosgei, mzito kutushinda wote, akaenda kuangalia kama geti limefungwa. Sisi wengine tukatazama dari.

Mama Rahab akavua viatu.

"Mimi naenda nyumbani," akasema. "Kikivunjika, mtanifuta kazi gani?"

Akakaa. Kiti kikalia kama mlango wa kanisa la zamani. Akaegemea, akainua miguu yote miwili juu. Mguu mpya ukashika. Halafu akamwambia Bwana Muiruri, kwa heshima kabisa, kwamba lori linaweza kwenda, na mtu amletee chai. Ikaletwa mle mle ukumbini. Aliinywa polepole, Bwana Muiruri akimshikia kisosi, na sisi tukicheka hadi machozi.

Kiti kimebaki. Ijumaa atakikalia yeye, sisi tutasimama. Mama, asante kwa kutugombeza, na asante kwa nta iliyofanya nguo zetu zinukie asali hata tukirudi Rhonda tumechoka. Tunakuombea miaka mingi na mizuri huko Subukia. Umesimama vya kutosha. Sasa kaa.