Mwalimu Medard Gaspari, Aliyetafuta Pumzi Chini ya Maji

Marehemu Mwalimu Medard Gaspari alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kiwangwa, mtoto wa tatu wa Mzee Gaspari na Mama Klementina, wakulima wa mananasi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma shule ya msingi Kiwangwa, sekondari Morogoro, na mwaka 1988 alihitimu ualimu wa kemia Dar es Salaam. Alifundisha Bagamoyo tangu 1989 hadi alipostaafu 2023. Hakuwahi kumchapa mwanafunzi kwa kukosa jibu. Alichapa kwa sababu ya chupa ya maabara iliyorudishwa chafu.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Vaileth, muuguzi. Walijaliwa watoto wawili, Anold na Klementina.

Mwaka 2016 Dija, mkulima wa mwani wa Mlingotini, alikufa maji akifunga kamba za mwani. Maji ya ufukweni yalikuwa yamepata joto, mwani ukawa unaoza, na akina mama wakalazimika kuhamia kwenye kina. Marehemu alihudhuria mazishi. Tangu hapo alikuwa na lengo moja: mtu akae chini ya maji dakika kumi bila mtungi wa hewa, na atoke mzima.

Alitumia teknolojia ya nano. Kwa msaada wa maabara moja ya Dar es Salaam alitengeneza utando wa kuvaa mgongoni, wenye vitundu vidogo mno, ili hewa iliyomo majini ipite na maji yabaki nje. Sisi nyumbani tulimwambia anapoteza muda, na mimi, mdogo wake Scola, ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Aliyejaribu utando huo ni Somoe, dada yake Dija, naye mwanafunzi wa zamani wa marehemu. Mwaka 2021 alifikisha dakika nne. Siku hiyo alikwenda nao nyumbani, na kwa kuwa hakuweza kurudisha kitu cha Mwalimu kikiwa na chumvi, akausugua kwa brashi na sabuni ya unga. Vitundu vyote viliharibika. Kazi ya miaka mitano iliishia kwenye beseni. Somoe alipokuja kuomba radhi huku analia, marehemu alimwambia, “Nyamaza, mwanangu. Kwani nani aliyekufundisha kurudisha vitu safi?” Akaanza upya.

Januari 2025 aligundulika kuwa na makovu kwenye mapafu. Kuanzia Juni alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Hakulalamika, ila alisema mtungi ni mzito, na ndiyo maana hakuutaka tangu mwanzo.

Tarehe 9 Septemba mkewe alimshikia simu hospitalini.

“Shikamoo, Mwalimu. Dakika kumi na moja. Nimetoka mzima.”

“Marahaba, Somoe. Na utando umeuosha?”

“Kwa maji baridi tu, Mwalimu. Sabuni nimeificha.”

Alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kumweka sawa barakoa. Nilikuwepo, na nililia. Alifariki kesho yake, saa nane mchana.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada mmoja ambaye leo anakiri mbele yenu kwamba alikosea. Jumatatu Somoe atashuka na utando huo Mlingotini, kufunga kamba pale Dija alipoishia.

Mungu ampokee kaka yetu na kumpa pumziko jema. Amina.