Chumba cha Nancy, Mtoto wa Fundi Rangi

Baba Padri, Mjomba Bernard, ndugu zetu wa Lupaso na wa hapa Newala, majirani, na ninyi mafundi mliofunga kazi kuja kukaa nasi, naitwa Ethel Silvano Namkulala, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Lisekese, na marehemu ni kaka yangu wa tumbo moja, ndiyo maana familia imenituma mimi nisimame hapa nisome wasifu wake. Nimeambiwa niwe mfupi na nitajitahidi, lakini tarehe nitazisoma zote, na naomba mzisikilize kwa mpangilio wake, kwa sababu kuna maneno yanatembea tangu juzi kati ya jikoni na turubai, na mimi sikusomeshwa ili nikae kimya nikiyasikia.

Marehemu Abrahamu Silvano Namkulala alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Silvano Namkulala, aliyekuwa katekista, na marehemu mama yetu Agnesi, akabatizwa mwezi Agosti mwaka huohuo, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kununa, ukimnyang'anya kitu halii, anakaa pembeni anakutazama mpaka unakirudisha mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987 hapohapo Lupaso na kumaliza la saba mwaka 1993, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, wala nyumbani hakuna aliyeshangaa, maana kila mwaka masika yakiisha na mama yetu akikandika nyumba upya na kuipaka udongo mweupe, Abrahamu ndiye alikuwa anaachiwa sehemu ya chini ya ukuta, aichore atakavyo kwa udongo mwekundu na majivu, na watu waliokuwa wanapita kwenda shamba walisimama kuangalia. Mwaka 1995 Mjomba Bernard, ambaye kwa desturi yetu sisi watoto wa dada yake ni watoto wake kabla ya kuwa wa baba yetu, alikuja kumchukua akamleta huku juu Newala kumfundisha kazi ya rangi, akamsuguisha kuta kwa msasa kwa muda mrefu kabla hajamruhusu kushika brashi, na kaka alikuwa akilisimulia hilo kwa kujivuna, kama mtu aliyepita jeshini.

Alianza kwa kupaka maduka na madarasa, akafanya kazi Mtwara mjini mwaka 2004 hadi 2006, aliporudi akaanza kazi ambayo ndiyo mnayomjua nayo, ya kupamba vyumba vya watoto. Nimeona niieleze kidogo, kwa sababu wengi mliona picha zikiwa zimeisha tu. Kaka hakuchora juu ya ukuta, aliujenga kwa koti moja moja, yaani tabaka za rangi, kwanza nyeupe ya kufunga plasta, kisha rangi ya anga au ya nyasi, kisha anasubiri ikauke, na ukungu wetu wa asubuhi huku juu haumruhusu mtu kuwa na haraka, ndipo anachukua maumbo aliyoyakata kwenye makaratasi magumu ya kalenda zilizopitwa na mwaka, vitu vya mbali akivipaka kwanza kwa rangi aliyoizimua kwa maji mengi, vya karibu akivipaka mwisho kwa rangi iliyokolea, halafu anapitisha msasa laini ili koti ya chini ichungulie kidogo. Koti ya mwisho kabisa ilikuwa karibu maji matupu, akiidonoa kwa sponji na kuifuta kwa kipande cha khanga kikavu, na hiyo ndiyo iliyounganisha ukuta mzima, ndiyo iliyomfanya mtoto akilala chali aone kule mbali. Rangi ya koti hiyo hakumwonyesha mtu, alikuwa akiichanganya kila chumba kwa jinsi mwanga wa dirisha unavyoingia.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Emilia, hapa Newala, ndoa ya watu wachache na ugali mwingi, wakaishi katika nyumba hii mnayoiona nyuma yangu, na ilipita miaka ya kutosha watu kuanza kuwauliza maswali ambayo hayawahusu. Mwaka 2010 Mungu aliwajalia Emilia akapata ujauzito, na kaka, kwa furaha, akafanya jambo ambalo kwetu halifanyiki. Wote tuliokulia huku tunajua kwamba mtoto ambaye bado hajazaliwa haandaliwi kitu, hata nepi mtu akinunua anaificha, lakini yeye alikuwa ametoka kupamba vyumba vya watoto wa watu miaka yote ile, akasema wa kwake hatazaliwa akute ukuta mtupu, akachora ndege kanga wanatembea kwenye majani, kundi zima, kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Mjomba alimkataza, akacheka.

Mtoto wao wa kwanza, Silvano, alizaliwa tarehe 2 Machi 2011 na akafariki siku hiyohiyo, na nesi aliyekuwepo alisema wazi, mbele yangu, kwamba kitovu kilimzunguka shingoni. Nesi alisema kitovu, huku nje ikasemwa ni ukuta. Siku ya mazishi, Emilia akiwa bado amelala hospitali, Mjomba aliagiza chumba kile kipakwe chokaa, kikapakwa, na kaka mwenyewe ndiye aliyeshika brashi, kwa sababu aliamini kama ninyi mlivyoamini, na hilo ndilo lililomkondesha kuliko kazi yoyote. Tangu hapo hakuwahi kukubali kupamba chumba kabla mtoto hajazaliwa na kupewa jina. Naima wa Tandahimba yuko hapa, alimfuata akiwa na mimba ya miezi saba, akampandishia sauti, akamwambia ataleta fundi kutoka Mtwara, kaka akamjibu alete tu, na mwisho Naima alijifungua salama ndipo akamwita, na kile chumba hadi leo watu wanaomba waingie wakione.

Sasa chokaa juu ya rangi ya maji haishiki, fundi yeyote aliyekaa hapa anajua, inabanduka magamba magamba, kwa hiyo kila mwaka ikikaribia Krismasi kaka alikuwa akiingia peke yake katika chumba kile akikipaka chokaa upya, pale ambapo mguu wa kanga mmoja au jicho limeanza kuonekana. Tarehe 21 Agosti 2014 alizaliwa Nancy, mtoto wao pekee aliye hai, na Nancy amekua na kulala katika chumba hicho cheupe, mtoto wa fundi anayejulikana mpaka Masasi mjini, akienda kwa marafiki zake anakuta baba yake kawachorea twiga na mikorosho, akirudi kwao anatazama chokaa. Kaka hakuthubutu. Mimi nilimgombeza sana kwa hilo, akaniambia anaogopa.

Kuugua kwake kulianza mwezi Oktoba 2024, chakula kikawa kinakwama kooni, akawa anakula uji tu na kusema ni vumbi la msasa, tukampeleka hospitali ya wilaya, tukapewa rufaa hadi Dar es Salaam, na tarehe 8 Januari 2025 madaktari walituambia, mimi na mkewe tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, kwamba ni saratani ya koo na imekwenda mbali. Tarehe 8 Januari. Alirudi nyumbani katikati ya mwezi wa pili, na jioni moja Nancy, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alimuuliza chumba chake zamu yake lini, na tarehe 24 Februari 2025 kaka aliingia mle na ndoo ya maji na brashi ngumu akaanza kuiosha chokaa. Wanaosema aliufungua ukuta ndipo ukamchukua, naomba warudi kwenye hizo tarehe mbili, waziweke ya kwanza mbele na ya pili nyuma, kisha waseme tena.

Kanga walitoka wote, chokaa ilikuwa imewatunza. Mjomba alituma ujumbe wafunikwe, Mama Nancy alikaa sakafuni akalia, nami nilikuja kutoka Lisekese kwa bodaboda kumuuliza kaka anafanya nini, akanijibu kwa sauti ile iliyokuwa imebaki ndogo, "Ethel, huyu wa kwanza chumba kilikuwa chake na hajawahi kulala humo. Mwache akae na mdogo wake." Basi akawapitishia wale kanga rangi iliyozimuliwa sana, mpaka wakawa wanaonekana kwa mbali kama wametangulia kwenye ukungu, na mbele yao akaanza kuchora wengine waliokolea, na vifaranga, na mikorosho yenye maua, akifanya kazi kidogo na kulala kidogo kwenye mkeka, Nancy akimkatia makaratasi ya kalenda. Kina mama mliolala humo siku hizi mmewaona. Mwezi Mei mkono ukakataa kunyanyuka, na tarehe 17 Juni 2025, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, Abrahamu alifariki akiwa hapa nyumbani, ukuta ukiwa umebakiza ile koti ya mwisho, ambayo hakuna mtu duniani anayejua rangi yake, kwa hiyo haitapakwa tena.

Jana alasiri kilikaa kikao cha familia, na mimi nimeruhusiwa kuyasema haya. Chokaa ilikuwa tayari imelowekwa kwenye ndoo, nyuma ya jiko, ili chumba kifunikwe kabla ya maziko kama mwaka ule, na ndipo Mama Nancy, ambaye tangu mwaka ule hakuwahi kutamka neno juu ya jambo hili, alisema akiwa ameinamisha kichwa, "Mjomba, shikamoo. Mara ya kwanza mlipaka nikiwa hospitali, sikuulizwa. Leo nipo." Mjomba aliinuka na fimbo yake, akaingia mle chumbani peke yake, akakaa humo mpaka tukaanza kutazamana, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema, "Kazi hii mimi sikumfundisha. Chokaa pelekeni makaburini." Kwa hiyo leo, tukishamzika Abrahamu pembeni ya mwanawe, chokaa hiyo itapakwa kwenye matofali ya kaburi la mtoto Silvano, ambalo tangu 2011 halikuwahi kupakwa, kwa sababu tulikuwa tunahangaika na ukuta.

Marehemu ameacha mjane na mtoto mmoja. Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia hapa wilayani na Dar es Salaam, ambao hawakutudanganya hata siku moja, tunamshukuru jirani yetu Mwanakombo na watu wa nyumbani kwake, ambao msiba huu umekula maji ya tangi lao mpaka ndoo inagonga chini na hawajatuambia, tunawashukuru mafundi wenzake waliomshika mkono wakati wa kupanda ngazi na baadaye wakamshika mwili mzima wakati wa kwenda bafuni, tunamshukuru Baba Padri, na wote mliokuja kutoka Lupaso, Masasi na Tandahimba, ambao hatuwezi kuwataja kila mmoja. Nancy ameomba niseme jambo moja kwa niaba yake, nami nilimwahidi, kwamba wageni watakapoondoka asije mtu kumhamisha, atalala chumbani kwake.

Kaka Abrahamu, wanao wawili wako pamoja chumbani kama ulivyotaka, nasi hatutawatenganisha. Pumzika kwa amani.