Bibi Dorkas na Mapigo ya Msaragambo

Wazee shikamooni, wafiwa wenzangu poleni, na asiyeamini nitakayosoma ainuke sasa hivi anibishie, maana mimi mjukuu wake Eliufoo, niliyeishia darasa la tano na bado nimeishika karatasi hii wenye kidato cha nne walipoiogopa, nasema marehemu aliwafundisha watoto wa Mbaga hesabu kwa miguu, enzi ambazo daftari lilikuwa hadithi.

Bibi Dorkas Mchomvu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1931 hapa hapa Mbaga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1951 akafunga ndoa na babu Loth, mpiga baragumu la kuitia watu msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakajaliwa watoto watano, na mwaka 1974 kijiji kikampa kazi ya kufundisha watoto wadogo.

Ilipofika miaka ya foleni za sukari na sabuni, chaki nayo ikapotea, aliwapeleka watoto kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, wakashindilia udongo wa ukingo kwa miguu, wakihesabu kwa mpigo, kulia mara mbili, kushoto mara moja, kisha akawapanga watatu watatu kwenye kinu kimoja watwange bila mchi kugonga mchi, na aliyechanganya aliulizwa, "Moyo wako unagonga sawasawa, mikono imesomea wapi?"

Jumapili tarehe 14 Juni 1987, babu akiwa ameshafariki, baragumu likalia katikati ya ibada, mbili ndefu, tatu fupi, kanisa zima likakimbilia majembe, mchungaji akabaki na mahubiri yake, na ndivani hapakuwa na kazi yoyote. Wazee wakamtoza bibi mbuzi, kwa kuwa baragumu lilitunzwa kwake, wakamwachisha kufundisha, naye akajibu kwamba kosa ni lake, mbuzi huyu hapa, lakini watoto hawaachi, na kesho yake akaanza upya uani, bila mshahara, na hata redio za kaseti zilipojaa Same mjini hawakumkimbia. Nyie mnaotikisa vichwa hapo, nani aliwafundisha kutikisa?

Mwaka 1996 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukanyamaza, wa kushoto ukaendelea kugonga ubao wa kitanda, hadi ulipotulia Jumanne tarehe 3 Machi 1998, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwa machela kushuka mlima, na walimu wenzake, hata mliomkwepa.

Kuna kipande nimekiruka. Baragumu lile nilipiga mimi, nikiwa na miaka kumi, nilitaka kuona kama na watu wazima wanajua kufuata mapigo, bibi akanikuta nalo mkononi, akanifuta mate mdomoni, akaenda mwenyewe kusimama mbele ya wazee, nami nikanyamaza miaka kumi na moja, mimi ninayejua kusema hivi. Mzee Melkizedeki, wewe na wazee wenzako mliomtoza, mbuzi wangu nimemfunga pale nje, nitozeni mimi, jina la bibi mlirudishe kabla hatujamshusha kaburini.

Pumzika kwa amani, bibi, mke wangu wa utani, kosa halikuwa lako.