Kufuli la Fundi wa Kiwanda cha Vigae

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Funguo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1965, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba marehemu akiwa na miaka minne aliuficha mkasi wa kazi wa mama siku nzima, kisa ulikuwa umemkata mama kidole. Nguo za wateja zilichelewa, na yeye akachapwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari, akamaliza chuo cha ufundi mwaka 1985. Hesabu zilimpiga chenga miaka yote hiyo, lakini mashine ikiharibika hata walimu walimtafuta yeye.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae, na huko alitumikia miaka thelathini na saba. Kiwandani kulikuwa na utaratibu mmoja: anayetengeneza au kusafisha mashine huifunga swichi yake kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo hukaa naye, na mwingine haruhusiwi kulifungua.

Linalofuata marehemu aliagiza lisomwe. Tulimbembeleza aliache, akakataa katakata. Mchana wa tarehe 9 Juni 1994, mashine ya kuchanganya udongo ilikuwa imefungwa kufuli, na msimamizi wa zamu alikuwa akifoka kwamba kazi imelala. Mtu akasema mwenye kufuli, mwenzao waliyemwita Mrefu, ameonekana akitoka getini. Marehemu akachukua msumeno wa chuma, akalikata kufuli, akawasha. Aliyeonekana getini alikuwa mtu mwingine. Mrefu alikuwa amelala chini ya mashine akibandua udongo uliokauka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani. Hospitali haikuweza kuuokoa.

Mrefu aliporudi kazini alipewa stoo. Kwa miaka miwili hakuitikia salamu ya marehemu, naye marehemu hakuacha kumsalimu. Kila alipoajiriwa mfanyakazi mpya, marehemu alimsimamisha mbele ya swichi ile na kumweleza kosa lake tangu mwanzo, bila kujitetea wala kumtaja msimamizi, huku Mrefu akisikia dirishani mwa stoo. Siku moja Mrefu alitoka, akamwambia mgeni, "Msikilize huyu. Anayajua anayoyasema." Siku hiyo walikunywa chai pamoja. Tangu wakati ule hakuna kufuli lililokatwa pale.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na mkewe mpenzi, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani nako hatukupona. Jioni moja alifunga swichi kuu kwa kufuli ili atengeneze soketi, akaenda kununua skrubu, akakutana na marafiki, ufunguo uko shingoni. Familia ilikula gizani, na mama mkwe aliyekuja kutembea akauliza umeme umefungwa kwa kosa gani.

Alilinda mikono ya watu, akasahau kifua chake. Miaka kumi ya kwanza alifanya kazi bila barakoa, na vumbi lilijaa mapafuni. Mwaka 2019 alianza kukohoa. Daktari alimtaka aache kazi. Akaitikia kwa adabu, na kesho yake akapanda basi la kiwanda. Tulimkasirikia, na hasira hiyo bado tunayo.

Jumatatu tarehe 4 Septemba 2023 alianguka akiitengeneza mashine ileile, akakimbizwa hospitali na ufunguo shingoni. Mashine ilisimama siku mbili, na hakuna aliyeligusa kufuli lake. Jumatano Mrefu alifika wodini. Marehemu hakungoja aambiwe amefuata nini. Aliuliza kwa shida, "Umewahesabu watu wa mashine?"

"Nimewahesabu mwenyewe, fundi. Wote wako nje."

Marehemu aliuvua ufunguo, akamwekea Mrefu kiganjani. Kesho yake, tarehe 7 Septemba, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja na wadogo watatu, pamoja na Mrefu, ambaye sisi tunamhesabu ndugu.

Kaka, zamu yako imekwisha. Wote wako nje. Pumzika kwa amani.