Kichwa Kipya cha Tochi ya Mama Mkwe

Weka kwanza huo ungo chini, uniapie kwa kichwa cha mwanao kwamba hili halitoki hapa, maana likifika Kaengesa mimi nimekwisha. Haya. Unakijua kijiwe cha kahawa pale Mazwi, kwenye benchi lililokosa mguu wakaweka tofali? Leo asubuhi, na ule upepo wa kukata masikio, Tadei fundi redio alikuwa amekaa hapo jasho linamtoka. Mikononi ana tochi ndogo ya mfukoni, urefu wa kidole. Ya nani? Ya Getruda, mama wa Anjela, binti anayemposa. Na wazee wanajibu posa kesho. Mama mkwe hasemezani naye kabla mahari haijapokelewa, kwa hiyo tochi aliituma kwa Abeli mshenga, akasema ataipitia saa tano. Tadei akaiona inawaka kwa mwanga uliofifia, akasema ugonjwa ndio huo. Akatafuta kichwa kipya chenye taa kali. Sasa kile cha zamani kimeganda kwa gundi, hakifunguki, na saa nne imeshapita.

— Klementina, leta kahawa ya moto.

— Kikombe cha nne hicho, baba. Utazimia.

— Si ya kunywa.

Akaifunga tochi kitambaa shingoni, akaimwagia kahawa polepole gundi ilainike. Klementina muuza kahawa akabaki kashika kiuno.

— Zungusha kushoto, alisema Mzee Volti, aliyewahi kubeba nguzo za umeme miezi miwili, mpaka leo anajiita injinia. Kushoto kwako, siyo kwangu.

— Ukiivunja, Anjela anaolewa na yule mwalimu naye anayemtaka, alisema Leonsi, wanamwita Taarifa.

— Mzee, mnyamazishe huyu.

— Nimnyamazishe wakati anasema kweli?

Vidole vya Tadei vinateleza. Tochi ikalia kwii, kichwa kikatoka. Kioo cha zamani kikapasuka, lakini nani anakitaka tena? Akafunga kipya, akatia betri mpya, na mwanga ukamchapa Klementina usoni mchana kweupe mpaka akamwaga kashata.

— Nishikeni, benchi silioni.

— Hiyo ukimmulika mtu tumboni unajua amekula nini, alisema Taarifa.

— Hujui umeme wewe, alisema Volti. Ukiielekeza juu wakati wa mvua, radi inadhani imeitwa na mwenzake.

— Radi tu? Ndege ikipita itadhani uwanja huo, itue kwenye mahindi ya watu.

— Na abiria wale kwa nani?

— Kwa mkwe wa Tadei.

Wakacheka mpaka tofali likayumba. Tadei naye akaanza kupumua. Abeli mshenga, naye yupo hapo benchini, peke yake hakucheka, macho yako barabarani.

— Anakuja.

Benchi zima likasimama. Shikamoo mama, shikamoo mama. Getruda akasimama mbali kidogo, kikapu mkononi, uso kwa Abeli.

— Marahaba. Abeli, mwambie huyo kijana mwanga wake nimeuona tangu kwa fundi cherehani.

— Anasema ameuona.

— Mwambie mama asante, alisema Tadei, akiangalia chini.

— Sasa mwulize, inazimwaje?

Tadei akabonyeza kitufe. Inawaka. Akabonyeza tena, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka kikawa cheupe. Inawaka. Volti akaipokea, akaipuliza kama kibatari. Taarifa akawa anakagua viatu vyake.

— Mwezi mzima haizimiki, alisema mama. Imekula betri mpaka mwanga ukafifia. Abeli, hukumwambia?

— Nilifungua mdomo, mama. Akasema fundi haambiwi ugonjwa, anauona mwenyewe.

Abeli anasema ile kahawa ilikuwa bado inadondoka kwenye kitambaa. Mama akanyoosha mkono, akapewa tochi, akaitumbukiza kikapuni inawaka vilevile, nyanya zinang'aa kama taa za harusi.

— Mwambie kesho aje mwenyewe, na bisibisi yake. Wazee wataanza kuongea akishaizima.

Akaondoka. Tadei akaomba kahawa, safari hii ya kunywa. Klementina akainamisha birika: hakuna kitu, yote imenywewa na tochi.

Aliyeniambia ni Abeli mshenga mwenyewe, ametoka hapa sasa hivi, hicho kigoda ulichokalia bado kina joto lake.