Kutazama Kabla ya Kubonyeza

Sogeeni, wanangu, na zimeni hizo simu, maana mnanipiga picha hata kabla hamjanitazama. Baba yenu nimepiga picha za maharusi na za vitambulisho tangu ujana, lakini hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Ya moyo ilikuwa ile ya asubuhi mliyokuwa mkinicheka: naweka kikombe dirishani, nakaa mbele yake na kamera magotini, nakitazama mpaka pumzi itulie, ndipo nabonyeza, mara moja, basi. Mama yenu akiniuliza, "Leo kikombe kimekwambiaje?" namjibu, "Kimesema ninyamaze," naye anacheka mpaka anashika mlango.

Filamu zilipoadimika niliendelea kubonyeza kamera tupu, nanyi hamkujua, kwa kuwa nilichotafuta hakikuwa picha. Lakini tangu tumzike mama yenu nakaa pale pale, natazama, na kikombe ni kikombe tu, utulivu hauji. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi macho yangali yanaona, moyo ndio uliotangulia.

Sasa studio. Wewe mkubwa unataka iuzwe, mdogo wako hataki, na tangu mazishi hamsalimiani, mnapishana mlangoni kama wapangaji, huku dada yenu akibebeshwa maneno yenu mpaka amechoka. Kamera ni yake, msiiguse. Studio ni yenu wawili, na siamui iuzwe au ikae, ila nawausia hili: kabla hamjaamua, kaeni kwenye vile viti vya wateja, uso kwa uso, mtazamane bila neno mpaka pumzi zenu zitulie, kwa sababu mtu uliyemtazama hivyo ni vigumu kumdhulumu.

Tena msingoje nife. Vuteni viti, nione. Haya, inua uso, mwanangu. Na wewe. Mkubwa, ndugu yako yuko huku, siyo ukutani... Basi. Acheni. Nimekula kwa macho haya maisha yangu yote, na ninachokiona hapa kinaniua kabla ya ugonjwa.

Nizikeni upesi, bila picha. Binti yangu, utanifumba macho wewe, kwa mkono wako, usimwachie mtu. Maji... hapana, acha, hayapiti. Mungu awatunze, awape... awape kuonana. Radhi zangu mnazo, wanangu, wote watatu... hata wewe, mkubwa... unayetazama mlango.