Mzee Kasereka, Aliyekataa Kuukata Mzizi

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi hapa uani tangu juzi, mimi ni Huguette, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Baba yetu, Mzee Kasereka Yeremia, kazi ambayo kwa desturi ya kanisa letu hufanywa baada ya wazee wa kanisa kuipitia karatasi na kuigonga muhuri. Karatasi hii haina muhuri. Walitaka tuongeze sentensi moja, tukakataa, na sababu mtaisikia zamu yake ikifika.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kyondo, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa tatu wa kiume kwa Babu, kama jina Kasereka linavyosema kwetu Wanande, akasoma shule ya msingi palepale kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha shule ya kilimo Butembo hadi 1976, ambako alijifunza kupandikiza miti, na tangu hapo hakuwahi kupita karibu na mti wa mtu bila kuinama kulitazama shina, jambo lililomwaibisha sana Mama walipokuwa wachumba. Mwaka 1977 aliajiriwa katika kitalu cha miche nje ya Beni, akakitumikia miaka thelathini na saba, na kila Jumapili mchana alifundisha Biblia.

Alifunga ndoa na Mama yetu, Mbambu Estera, Jumamosi tarehe 8 Agosti 1981, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1983, Darlène mwaka 1986, na Dady mwaka 1990. Oktoba 2014 vita vilitufikia, tukatawanyika katika kukimbia, na Dady hakuonekana tena. Sisi wengine tulivuka mpaka wa Kasindi, tukafika Kampala tarehe 6 Januari 2015, tukapanga chumba hapa Namuwongo kando ya reli. Baada ya miaka minne watu wenye nia njema walimshauri Baba amfanyie Dady matanga ili moyo upoe, akawakatalia, akaniagiza nisimwandike mwanawe kati ya wafu, na leo sijamwandika.

Hapa Kampala aliotesha miche ya ovakado katika madumu yaliyokatwa, akaiuza hadi Naguru, ambako Afande Opoka, aliyekaa pale mbele, alinunua miwili, akarudi kulalamika juu ya mmoja, na hakuacha kuja tena. Kanisani pia Baba alipewa darasa la Biblia, na hapo ndipo penye neno.

Baba aliamini kwamba Mungu hakuwatupa Wayahudi, kwamba ahadi aliyopewa Abrahamu ingali na watoto wake, na kwamba sisi watu wa mataifa ni tawi la porini lililopandikizwa kwa huruma kwenye mzeituni ambao hatukuupanda. Hakupeperusha bendera ya serikali yoyote, na habari za vita vya huko nchi ya Abrahamu zilipokuja aliwalilia watoto wa pande zote mbili, maana hoja yake ilimhusu Mungu, kama anashika neno lake au hashiki. Alikuwa akituambia, "Kama Mungu anaweza kutupa batu yake ya kwanza, sisi bakimbizi ba juzi tutashika nini?" Nami nilijua kwamba katika maneno hayo Dady yumo.

Jumapili tarehe 12 Juni 2022 Mchungaji Ulrich, ambaye tunamheshimu na yuko hapa, alifundisha kwamba Wayahudi walikatwa moja kwa moja na nafasi yao tumeichukua sisi, na ili tuone kwa macho alichukua mche wa ovakado alioununua kwa Baba mwenyewe, akaukata chini ya kiungo, pale tawi lilipopandikizwa, akautupa mzizi, akaliinua tawi juu, kanisa likapiga makofi. Baba aliliomba lile tawi, akaliweka kwenye glasi ya maji dirishani kwetu, na Jumapili iliyofuata akasimama nalo, majani yamejikunja, akauliza kwa upole, "Mchungaji, mutu akikata muzizi, hii tawi inakula wapi?" Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Tarehe 26 Juni aliwekwa benchi la nyuma, na kwa wageni nieleze kwamba aliyewekwa huko hafundishi, hali Meza ya Bwana, na akifa wazee hawabebi jeneza lake mpaka isomwe sentensi ile moja, kwamba alitubu. Miaka miwili na miezi saba alikaa benchi hilo, akifika wa kwanza kila Jumapili, akiimba kuishinda kwaya, kwa kuwa kuimba walisahau kumkataza.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa hospitali ya Mengo tarehe 29 Januari 2025. Tarehe 4 Februari Mchungaji na wazee wawili walimletea karatasi ya toba, nami nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Baba aliomba miwani, akaisoma yote, akaomba kalamu, na mahali pa sahihi akaandika Warumi 11:29, ambapo Mtume anasema kwamba Mungu akishampa mtu kipawa na kumwita, hajuti. Wazee waliondoka nayo, na tangu siku hiyo mtaani inasemwa kwamba Mzee Kasereka alitia mkono akatubu. Baba hakutubu. Hakuwahi kutoka kundini hata arudi. Mchungaji, karatasi hiyo unayo, nakuomba kwa heshima yote uisome mbele ya watu hawa.

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Februari saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sitini na minane. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mengo, majirani wa relini mliotupikia, wauza miche wenzake mliofunga kazi leo, na ninyi wa kwaya mliokuja ingawa mliambiwa msije. Wazee wamesema hawatabeba. Jana Mama alipolia kwa ajili ya hilo, Afande Opoka alimwambia, "Mama, wacha hao, mikono iko," na kweli nawaona vijana wake sita wamesimama mlangoni.

Pumzika, Baba, amani unayo. Ulitufundisha kwamba tawi halibebi shina, shina ndilo hubeba tawi. Waliokataa wakae. Utabebwa.